Saiprasi au grivelia? Kwa anayepanda miti Arusha au Moshi

Kila masika ikikaribia swali ni lile lile. Mtu kanunua eneo Usa River au kaachiwa kihamba (shamba la ukoo la Wachaga, lenye kahawa na migomba) na wazee kule Kibosho, anataka kupanda miti mpakani, anaenda kwenye kitalu cha barabarani anakuta viriba vya saiprasi vimejipanga huku na vya grivelia kule, bei zinakaribiana, muuzaji anamwambia zote zinakua haraka. Na kweli zinakua haraka. Ila kitabia hii ni miti miwili tofauti kabisa, na ukishapanda unaishi nayo miaka 20 na zaidi, wewe na jirani yako na kahawa yako, kwa hiyo tuipitie taratibu.

Kwa wasioijua vizuri, saiprasi ndo ile wengi wanaiita mti wa Krismasi, majani madogo madogo yamebanana, kijani mwaka mzima, haina maua ya kuonekana, inatoa vitunda vigumu vya mviringo vyenye mbegu ndani. Grivelia ina majani marefu yaliyochanikachanika, juu kijani, chini meupe yanayong'aa upepo ukipita, na ikichanua inajaa maua ya rangi ya dhahabu yaliyosimama kama mswaki. Hakuna hata mmoja wa asili ya huku. Saiprasi tunayopanda sana asili yake ni Mexico na Guatemala, grivelia imetoka mashariki mwa Australia, zote mbili zililetwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni, moja kwa ajili ya mbao, nyingine kwa ajili ya kivuli kwenye chai na kahawa. Hiyo tofauti ya kazi zilizoletewa bado inaonekana mpaka leo na ndo itakusaidia kuchagua.

Kabla hujauliza mti gani mzuri, jiulize haya. Eneo lako liko juu au chini, lina baridi na mvua au ni kavu? Unataka uzio wa kuziba macho ya watu, au mbao, au kuni, au kivuli? Kitu gani kitakuwa pembeni ya mti, migomba, mahindi, nyumba, au nyaya za umeme? Una muda wa kuuhudumia kila mwaka au utapanda urudi Dar? Na mwisho, mti ukipata shida utapoteza kiasi gani. Nitapitia miti yote miwili kwa maswali hayo hayo.

Mwinuko, baridi na mvua

Hapa ndo watu wengi wanapokosea kwa sababu Arusha na Moshi zinatajwa pamoja kama vile ni sehemu moja. Arusha mjini iko kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, Moshi mjini iko kama 800 hadi 900 tu, alafu ukipanda Marangu au Machame unarudi tena kwenye 1,400 na kuendelea. Kwa mti hiyo ni tofauti kubwa mno.

Saiprasi ni mti wa baridi. Inapenda kuanzia mita 1,300 hivi kwenda juu, penye mvua ya kutosha na udongo unaopitisha maji. Ndo maana mashamba makubwa ya serikali yenye saiprasi na misindano (paina) yako West Kilimanjaro, Rongai na miinuko ya Meru, hukuti shamba la saiprasi kule chini kwenye joto, TPC (mashamba ya miwa) wala Kahe. Ukiipanda Moshi mjini au Himo itaota, si kwamba itakataa, ila inakuwa na msongo wa joto na ukame, na mti wenye msongo ndo wadudu wanaupenda. Faida yake nyingine kule juu ni kwamba inavumilia baridi kali, hata pale ambapo asubuhi unakuta barafu nyembamba kwenye majani.

Grivelia ina uwanja mpana zaidi. Inakubali toka chini mpaka mita 2,300 hivi, mvua kuanzia milimita 700 na kwenda juu, kwa hiyo Ngaramtoni inakaa, Tengeru inakaa, Boma Ng'ombe inakaa ukiisaidia maji mwanzoni. Mizizi yake inashuka chini sana, alafu ina vishada vya mizizi midogo midogo vinavyoiwezesha kuchukua fosforasi hata kwenye udongo uliochoka, ndo maana unaikuta imesimama vizuri sehemu ambayo mti mwingine ungedumaa. Inachokichukia ni maji kutuama, na ikiwa bado changa barafu inaiunguza. Sehemu kavu kama Kisongo mchwa wanapenda sana miche yake, usipoilinda mwaka wa kwanza utapanda mara mbili.

Uzio, kivuli na upepo

Kama shida yako ni kuziba, saiprasi haina mpinzani hapa. Ukiipanda nusu mita kutoka mche hadi mche ukaanza kuikata mapema, inafunga mpaka hauoni ndani, vumbi la barabara linaishia pale, na baridi ya Julai inapungua kwa ndani. Eneo la ekari moja la mraba lina mzunguko wa kama mita 254, kwa hiyo unazungumzia miche kama 500, andaa hela. Sasa sikiliza vizuri hapa, saiprasi haichipui kwenye matawi ya zamani yasiyo na majani. Ukiiacha ikanenepa miaka mitano alafu ukaja kuikata kwa nguvu mpaka ndani kwenye matawi yasiyo na majani, yale mashimo yanabaki mashimo, hayarudi kijani. Uzio wa saiprasi ni wa mtu anayekata kila mwaka, mara mbili ikiwezekana.

Grivelia haizibi. Inakwenda juu, shina lake refu, chini unabaki wazi, mbuzi anapita, mtu anapita. Kazi yake ni kivuli chepesi cha juu na kukata upepo kwa mbali, ukiipanda mita mbili na nusu mpaka tatu kutoka mti hadi mti. Ekari ile ile utatumia miche 85 mpaka 100. Ukitaka kuzibia chini unachanganya na michongoma au unaacha masale (mmea wa mpakani wa Wachaga) kama yalivyo. Na kwa walio kwenye vihamba, tafadhali usije ukang'oa masale ya mpakani ili upande miti, ule ndo mpaka wenyewe unaotambulika na majirani na ukoo, mti panda kwa ndani hatua kadhaa.

Kwenye upepo kila mmoja ana udhaifu wake. Saiprasi mizizi yake haiendi chini sana na kichwa chake ni kizito, masika udongo ukilowa na upepo ukaja mti mzima unaweza kulala. Grivelia yenyewe inabaki imesimama ila matawi yanakatika, ni mepesi kuvunjika, kwa hiyo usiiweke juu ya bati wala pale unapopaki gari. Kwa vyovyote usipande hata mmoja chini ya laini ya umeme, utakatwa kichwa kila mara na hautapata mti wa maana. Na kama unakinga maji ya mvua, zote mbili zitakujazia gata, grivelia zaidi kwa sababu inapukutisha majani mengi sana kiangazi.

Ikikaa na mazao

Hii sehemu naijali kuliko zote, maana huku kwetu shamba lenyewe ni kaeneo kadogo na mti hauwezi kuwa peke yake.

Grivelia imekaa na kahawa na migomba Kilimanjaro kwa miaka mingi na sababu zipo. Mwanga unapita kati ya majani, mizizi mikuu inaenda chini kuliko ya kahawa, na inakubali kukatwa matawi vibaya sana, unaweza kuipogolea ukabakiza shina na kikofia juu ikarudi vizuri tu, kwa hiyo kivuli kikizidi unapanda na panga unapunguza, unapata na kuni. Majani yaliyodondoka yanafunika udongo, yanachelewa kuoza lakini yanazuia maji kukimbia na magugu kuota. Maua yake yana nekta nyingi, ukiwa na mizinga nyuki wako watakushukuru, na ndege aina ya chozi wanajaa asubuhi.

Lakini isisifiwe kupita kiasi. Sehemu yenye mvua haba inashindana na mazao maji. Utafiti uliofanyika Machakos kule Kenya ulionyesha wazi kwamba mahindi yaliyo kati ya grivelia yanapungua miti ikishakua mikubwa. Kwa hiyo ukiwa Uru au Marangu kwenye mvua nyingi unaweza kuichanganya shambani, ila ukiwa Sanya Juu, sehemu za chini zenye mahindi, iweke mpakani tu na uipogolee sana.

Saiprasi na mazao haziendani, niseme wazi. Kivuli chake ni kizito, mizizi iko juu juu pale pale mahindi na maharage yanapokula, na chini yake panabaki pakavu na majani makavu hakuna kinachoota. Mi nikiona mtu kaiweka katikati ya kahawa roho inaniuma kweli. Kuna namna moja inafanya kazi, ile ya mashamba ya serikali, ambapo wananchi wanapewa kulima mahindi na viazi kati ya miche miaka michache ya mwanzo wakati miti bado midogo, wakishatoka miti inafunga. Yani unavuna mazao mwanzoni alafu unaliachia eneo lote kwa miti. Kama una eneo la kufanya hivyo sawa.

Kwa mifugo, miti yote miwili sio malisho ya kutegemea, usimpange ng'ombe hapo.

Mbao, kuni na hela

Saiprasi ndo inajulikana zaidi na mafundi. Mbao yake ni nyepesi, imenyooka, inapigika misumari bila kupasuka ovyo, haina utomvu mwingi kama msindano, na seremala anaitumia kwa kenchi, papi, milango, makabati. Ukipanda kama shamba la mbao kwa nafasi ya mita mbili na nusu kwa mbili na nusu, ekari moja inabeba miche kama 640, alafu unapunguza kadri inavyokua, ile unayopunguza inatoka kama milunda ya ujenzi na fito, iliyobaki unaiacha inenepe. Mashamba makubwa yanasubiri miaka 25 mpaka 30, watu binafsi wengi wanakata mapema wakipata shida ya ada. Kitu kimoja kinachoshusha bei ni vifundo, na vifundo vinatokana na kutokupogolea, mti ulioachwa na matawi yake mpaka chini ukiupasua mbao inajaa macho.

Grivelia zamani ilidharauliwa kama mti wa kuni, sasa hivi sivyo. Mbao yake ni nzito kidogo kuliko saiprasi, ina rangi ya wekundu hafifu na michirizi inayong'aa ukiipasua vizuri, kwa samani inapendeza sana. Inataka kukaushwa taratibu kivulini, ukiwahi kuitumia ikiwa mbichi inapinda. Faida yake kubwa kwa familia ya kawaida ni kwamba haisubiri mpaka ikatwe ndo ikupe kitu, kila ukipogolea una kuni, na shina linaendelea kunenepa kwa ajili ya mbao baadaye. Saiprasi ikishakatwa imeisha, kisiki hakichipui, unaanza na mche mwingine. Hata grivelia kisiki cha chini usikitegemee, nguvu yake ya kuchipua iko juu kwenye shina lililosimama.

Zote mbili ukizifukia ardhini kama nguzo bila dawa mchwa watazila, usidanganywe.

Angalizo kwa wanaopasua: vumbi na utomvu wa grivelia unawatoa baadhi ya watu vipele na muwasho wa ngozi, fundi avae mikono mirefu na glavu. Na kabla ya kukata mti wowote wa mbao, hata ulioupanda mwenyewe, anzia ofisi ya kijiji au mtaa na afisa misitu wa wilaya uulize kuhusu kibali, na mbao zikipanda gari kwenda mbali zinahitaji hati ya kusafirisha.

Wadudu na moto

Waliokuwepo miaka ya 90 wanakumbuka uzio wa saiprasi ulivyokauka. Kulikuwa na vidukari vya saiprasi, wadudu wadogo wa kahawia wanaokaa kwenye matawi na kufyonza maji ya mti, walionekana Malawi mwaka 1986, Tanzania mwaka 1988, Kenya mwaka 1990, wakakausha uzio na mashamba ukanda mzima, na hata mitarakwa yetu ya asili huko milimani haikupona kwa sababu ni ndugu wa saiprasi. Malawi walianza kuachia nyigu mdogo anayetaga ndani ya hivyo vidukari mwaka 1994, na nguvu ya mdudu ikapungua. Wapo bado. Dalili zake ni majani kugeuka kahawia kuanzia ndani kwenda nje, matawi yanakuwa na kitu cha kunata, alafu ukungu mweusi na sisimizi wengi wanaopanda na kushuka. Ukiona hivyo kwenye mti mmoja shughulikia mapema, kwa sababu kwenye ua miti imegusana, wanatembea moja kwa moja. Ndo hasara ya kuweka miche 500 ya aina moja mstari mmoja.

Grivelia haijawahi kupata pigo la namna hiyo huku. Shida zake ni mchwa ikiwa changa na ugonjwa wa kukauka shina sehemu zenye ukame mkali, mara nyingi ni ile iliyopandwa sehemu isiyoifaa.

Moto, saiprasi gome lake ni jembamba na majani makavu yanashika haraka. Kama jirani yako anachoma shamba kila kiangazi, safisha mstari kuzunguka miti au fikiria upya.

Sasa wewe uko wapi

Uko juu, Olmotonyi, Siha ya juu, Rongai, una ekari kadhaa hazilimwi na unaweza kusubiri miaka 20 na kitu, saiprasi kwa mbao inafaa sana, ila changanya na vipande vya mti mwingine usiweke yote sawa, na panga hela ya kupogolea na kupunguza toka mwanzo.

Una kihamba cha kahawa na migomba, kidogo, kinalisha familia, chukua grivelia, chache, kwa nafasi. Na uache nafasi ya mringaringa na mruka, miti ya kwetu ambayo wazee waliiacha kwenye kahawa kwa sababu nzuri, grivelia isije ikawa ndo mti pekee shambani.

Una nyumba Njiro, Sakina, Ngaramtoni, unataka faragha na kuzuia vumbi, na kuna mtu wa kukata ua kila mwaka, saiprasi. Kama hakuna mtu wa kukata, usianze, weka ukuta au michongoma. Na uwe umeongea na jirani kabla, kwa sababu kivuli na mizizi vitaingia kwake.

Uko Moshi mjini, Himo, Boma Ng'ombe, kwenye joto, grivelia ndo itakuvumilia, mwagilia kiangazi cha kwanza na cha pili, weka majivu au dawa ya mchwa kwenye shimo.

Unaishi mbali, shamba anaangalia shangazi au kijana mmoja, grivelia inasamehe zaidi kusahauliwa kuliko ua wa saiprasi.

Una pande mbili zenye mahitaji tofauti, mfano barabara huku na mahindi kule, hakuna sheria ya kuchagua moja. Saiprasi upande wa barabara, grivelia upande wa shamba.

Kiwanja cha mita 20 kwa 20 chenye nyumba, shimo la choo na tanki, kwa kweli hakuna unaokufaa kwenye mstari. Labda grivelia moja kwenye kona iliyo mbali na nyaya, au mparachichi, unapata kivuli na matunda.

Ukienda kununua, chukua mche wenye urefu wa kati, shina moja lililonyooka, kiriba kisiwe na mizizi iliyotoka chini ikajikunja, maana mche uliozeeka kwenye kiriba ndo unaolala upepo ukija miaka kumi baadaye. Panda udongo ukishalowa vizuri, Machi mwishoni mpaka Aprili, tarehe 1 Aprili ndo siku ya taifa ya kupanda miti na mara nyingi ofisi za misitu zinagawa miche kipindi hicho, kwa hiyo pita ukaulize kabla hujatoa hela yako.